Hesabu ya Triko: Safari Yangu ya Kasaji

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya vyuma viwili vinavyogongana polepole nyuma ya ukuta. Nyumba zetu za kampuni ya mgodi, kule Dilala mjini Kolwezi, zilijengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati, na ukuta wenyewe mwembamba kama biskuti. Upande wa pili alikaa Mamu Ngalula. Kila asubuhi, mama akiwa bado anapepea mbabula ili makaa yashike, nilisikia sindano zake, tik, tik, tik, na mdomo wake ukizifuata: umwe, ibidi, isatu, inayi, itanu, isambombo, muanda mutekete, muanda mukulu, tshitema. Halafu kimya kidogo, na neno la mwisho alilisema kama mtu anayefunga mlango taratibu: dikumi.

Hiyo ndiyo hesabu ya triko, yaani sweta ya kufuma. Vitanzi tisa vinafumwa kwa mbele, cha kumi kinafumwa kwa nyuma, na kifua cha triko kinatoka na mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi. Mamu alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa jirani. Alinifundisha kufuma nikiwa bado shule ya msingi, kwa sindano alizozitengeneza kwa spoku za baiskeli, akizisugua juu ya jiwe mpaka zikateleza. Alinifundisha kwa mkono na kwa mdomo pamoja, na mi nikavipokea kama kitu kimoja. Tshiluba, lugha ya kwao, siijui. Hata maji siwezi kuomba kwa Tshiluba. Lakini ukinipa sindano, ulimi unageuka wenyewe.

Mwaka ule ninaousimulia, kampuni ilikuwa imeanguka. Baba aliendelea kuamka saa ya kazi, anavaa kofia yake ya mgodini, anafika mpaka kwenye kona, anarudi. Nyumba ya kina mama walikotufundisha ushonaji ilifungwa. Kisha yakaja maneno ya barabarani, kwamba Katanga ni ya Wakatanga, watu wa Kasai warudi kwao. Mamu aliuliza kwao ni wapi, maana bwana yake amezikwa hapa Kolwezi na batoto wote amewazalia hapa. Baba yangu, ambaye ni mtu wa Kabongo, Muluba wa kaskazini ya Katanga, hakumfukuza mtu, lakini pia hakufungua mdomo. Alikaa tu nyuma ya nyumba akinoa panga ambalo halikuwa na kazi.

Mamu alikaa stesheni na wengine wengi, chini ya pagne za kitenge zilizofungwa kwenye miti, wakingoja treni. Nilikuwa namletea bukari, ugali wetu, na maji. Siku moja akanipa mfuko mkubwa. Ndani mulikuwa leni, ndiyo ule uzi wa triko, na triko zilizokwisha, na boné, zile kofia za watoto, na kitabu.

"Hizi haziwezi kusafiri na mi," alisema. "Uza, muana wanyi. Utaweza kununua leni ingine."

"Na kitabu?"

"Kitabu usome. Lakini mi nimefika hapa." Akanionyesha ukurasa wenye kipande cha leni ya njano. Mamu aliweka alama hivyo siku zote, kwa rangi ya kazi aliyokuwa nayo mkononi. "Usinipite."

Nikamwambia sitampita. Treni ilikuja siku ambayo sikuwepo.

Basi hiyo ndiyo sababu ya safari. Tulisikia kwamba misheni ya Kasaji inafanya kermesi, ile sikukuu ya parokia ambapo watu wanauza, wanakula na kucheza, na ilikuwa wakati wa baridi, asubuhi za kule zinauma masikio. Triko zingetoka. Na mi nilikuwa na ndoto yangu, ambayo ninayo hata sasa: duka dogo la triko lenye benchi mbele, na juu ya benchi vitabu, mtu akija kununua akae asome kwanza. Mama alicheka. Alisema wateja watasoma wote na hakuna atakayenunua. Lakini alinitafutia mwenyeji, Mama Chilombo, Mchokwe wa Kasaji aliyewahi kuimba naye kwaya hapa Kolwezi.

Asubuhi ya kuondoka mama alinifunga mfuko mgongoni kama anayefunga mtoto. Kisha akanishika kidevu.

"Sikia muzuri. Mu treni na ku soko, usihesabu na mudomo. Hesabu mu roho, ao hesabu mu Kiswahili. Batu beko nasikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo. Mudomo yako haina kifungo."

*Stesheni ya Kolwezi.* Walipokaa Mamu na wenzake palikuwa na madoa meusi ya moto, safu kwa safu, na kiatu kimoja cha mtoto. Nilisimama pembeni ili nisikanyage. Treni ya kuelekea magharibi ilikuja ikiwa imechoka, mabehewa ya mizigo na mawili ya watu, nasi tukaingia kama tulivyoweza. Nilipata nafasi kati ya magunia ya chumvi na mwenye chumvi, mzee mnene wa maneno matamu ambaye kila mtu alimwita Tata Chumvi.

Nilitoa kazi zangu. Hapa niseme ukweli: mi sijui kuwa na kazi moja. Nilikuwa na mkono wa triko ya bluu kwenye sindano, boné iliyofika katikati, shali ya mama niliyoianza nikaichoka, na kitabu. Nilijaribu kufuma kwa Kiswahili, kama mama alivyoniomba. Haikwenda. Moja, mbili, tatu, maneno yanakimbia, yanafika kumi wakati vidole viko bado kwenye sita. "Muanda mutekete" ni neno refu, linampa kidole nafasi ya kuzungusha uzi. "Saba" limekwisha kabla hujaanza. Mistari yangu ikapinda kama njia ya mbuzi.

Basi nikatumia akili nyingine. Nilifungua kitabu magotini, nikakizuia na kisigino cha mkate, na nikafuma huku nasoma. Mdomo ukiwa na kazi ya kusoma hauwezi kuhesabu. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kisicho na jalada, juu ya msichana mmoja anayengoja meli. Kifaransa changu ni cha shule iliyokatika njiani, maneno magumu nayaruka kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini nilivuka. Mikono iliendelea yenyewe.

*Mutshatsha.* Treni ilisimama, wanawake wakaja madirishani na mananasi na mihogo ya kuchoma. Tata Chumvi alininunulia kipande cha nanasi, akaiangalia kazi yangu.

"Binti, uko nasoma ao uko nafuma?"

"Byote bibili, tata."

"Basi hata moja haiko." Akaivuta triko ya bluu toka magotini mwangu, akainyoosha mbele ya watu. Mkono ule ulikuwa mrefu kuliko mguu wangu. Mahali msichana wa kitabu alipopata barua kutoka kwa mpenzi wake, nilikuwa nimesahau kusimama. "Hii ni ya nani? Ni ya ule tata mwenye kushika mananasi bila kuinuka?"

Behewa zima lilicheka, na mi nikacheka zaidi yao. Nilifumua nusu yake pale pale, Tata Chumvi akinishikia uzi kwenye vidole vyake vinene, na tuliifanya kazi hiyo mpaka jua likahamia dirisha la pili. Alinifundisha kitu ambacho bado nakishika: usome ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka ya kazi, na ukifika kwenye bega, funga kitabu.

Kabla ya Kasaji nilifika kwenye leni ya njano. Nikafunga kitabu. Nilikaa nacho mapajani bila kukifungua tena, nikatazama msitu mfupi ukipita.

*Kasaji.* Mama Chilombo alikuwa stesheni na baiskeli, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita kuku. Alinisalimia, "Moyo, mwana," na mimi kidogo nimjibu kama nilivyokuwa namjibu Mamu, maana hata watu wa Kasai wanasalimiana "moyo." Nilimeza jibu. Aliupandisha mfuko wangu kwenye baiskeli, tukatembea naye akiisukuma, akiniuliza habari za kila mwimbaji wa kwaya, na wengi nilikuwa sina la kumwambia isipokuwa kwamba wameondoka.

"Ni kweli yenye banasema? Banabebwa na mabehewa ya mizigo?"

"Ni kweli, mama."

Aliukaza mfuko kwenye baiskeli. "Huku pia kulikuwa bamoja. Mwalimu. Na mwenye kutengeneza saa. Sasa saa zetu zote zimesimama."

Kwake nilikula bukari na sombe ya majani ya mihogo yenye karanga, na asali ya msituni kwa kidole. Majirani zake wawili walikuja kuona triko, wakazigeuza ndani nje, wakavuta mishono. Mmoja aliitwa Mama Jeanne, muuza mikate ya kukaanga. Waliomba niwafundishe. Nikatoa sindano za spoku, kila mmoja jozi yake, na kwa kuwa tulikuwa ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, na mkono wangu hauna njia nyingine ya kufundisha, niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Umwe, ibidi, isatu. Walirudia kama watoto wa katekesimu. Mama Jeanne kwenye saba alikwama kila mara, akasema mutekete ni jina la mtu mvivu. Mama Chilombo alifuma kwa hasira, vitanzi vyake vimekazana kama mafundo ya kamba ya mbuzi, lakini hesabu aliishika kabla ya wote.

Kesho yake ilikuwa *kermesi.* Uwanja wa misheni ulijaa tangu ukungu haujaondoka: ngoma, kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo, kuku waliofungwa miguu, mchezo wa kurusha pete. Mi na mama hawa watatu tulikaa kwenye benchi moja, triko zimetandazwa juu ya kamba mbele yetu, kikaango cha Mama Jeanne pembeni. Watu walinunua. Sikutegemea watanunua vile. Nilipopata nafasi nilisoma, nikirudia sura za nyuma ili nisimpite Mamu, na mteja mmoja alikohoa mara mbili mbele yangu, kisha akauliza kama nauza triko ao nauza kichwa changu kilichoinama.

Mnamo saa ya chakula wasichana wa shule walikuja wakitaka kuona namna ya kufuma. Nikafurahi. Hapo ndipo kifungo cha mdomo kilipotoka. Niliinua sindano juu ili waone na nikahesabu kwa sauti, kwa furaha, kama Mamu nyuma ya ukuta, mpaka tshitema.

Kivuli kilisimama juu ya kazi yangu. Walikuwa vijana watatu, wale waliojipa kazi ya kuuliza watu majina ili kuwatafuta watu wa Kasai. Wasichana wa shule waliondoka bila mtu kuwaambia.

"Rudilia ile hesabu, dada," alisema aliyekuwa mbele. Baadaye nilijua anaitwa Kaumba.

"Hesabu gani?"

"Nimesikia tshitema. Kwenu ni wapi?"

"Kolwezi."

"Kolwezi ni muji, haiko kwenu. Tata yako anatokea wapi?"

"Kabongo."

"Jina?"

"Ngoie."

Alicheka kidogo na kuwageukia wenzake. "Ngoie ya Katanga ao Ngoyi ya Kasai?"

Jina langu, mnaona, halikunisaidia. Liko pande zote mbili, mtu anaweza kuliandika anavyotaka. Nikasema ni la Katanga.

"Muzuri. Basi hesabu mu kiluba ya tata yako. Fika ku tisa tu."

Kwa baba tisa ni kitema. Kwa Mamu ni tshitema. Kati ya maneno hayo mawili kuna ulimi unaogusa mahali pengine kidogo tu, na mi neno la baba nililijua, nililisikia tangu utoto. Lakini hesabu nyingine za kwake sikuzijua vizuri, maana nyumbani tulisema Kiswahili. Na sindano zilikuwa bado mikononi. Nilianza kuhesabu, mkono nao ukaanza, na ulimi ukaufuata mkono kama mbwa anavyomfuata mwenye nyumba. Nilijisikia nikisema isambombo. Nilijisikia nikisema muanda mutekete. Nilitaka kusimama, sikuweza kusimama.

"Tshitema," nilisema.

Kaumba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji sawa. "Dada, treni ya kwenu haiko hii. Iko ile ingine. Sisi tutakusindikiza." Na mwenzake akaanza kushusha triko toka kwenye kamba.

Mama Chilombo alikuwa pembeni yangu akipigana na vitanzi vyake. Hakuinua kichwa.

"We Kaumba. Mupira ikitokea ku mustari ya nyuma, banapiga nini?"

"Mama, haya ni mambo ingine."

"Nimekuuliza. Banapiga nini?"

"Korneri."

"Korneri ni luga ya bachokwe?"

Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Kumbe we ni muzungu," alisema Mama Chilombo. "Nilikuzalisha na mikono hii, na sikuona. Na tata yako ku garage anaitaga funguo mu Kifaransa tangu asubui. Naye tumupeleke Bulaya? Kila kazi iko na luga yake, mwana. Hii ni luga ya triko. Sikiliza."

Na akahesabu. Umwe, ibidi, isatu, akigonga sindano kila neno, kwa sauti ile ya kuita kuku. Alipofika saba alisita, labda kwa kusahau, labda kwa makusudi, sijamuuliza mpaka leo. Mama Jeanne, mikate ikiungua mafutani, akamsahihisha: "Mutekete, Mama Chilombo, mutekete. Ule muvivu." Na jirani wa pili, ambaye tangu jana alikuwa hasemi ila hesabu, akaendelea mpaka tshitema, akafuma kitanzi cha kumi kwa nyuma, akakionyesha.

Sasa uwanja ulikuwa unatuangalia. Kaumba aliwatazama wale mama watatu, waliozaliwa Kasaji, ambao vitovu vyao vimezikwa Kasaji.

"Basi mumekuwa Bakasai bote."

"Tumekuwa Batriko," alisema Mama Chilombo. "Ni kabila mupya. Sema na bakubwa wako, bakupe jina ya mahali ya kutupeleka. Na ile triko, rudisha ku kamba. Kwa mikono yote mibili, haiko kitambaa ya kupangusa pikipiki."

Mwenzake aliirudisha. Watu walicheka, na ngoma, iliyokuwa imenyamaza, ikaanza tena. Vijana waliondoka. Mi nikarudi kwenye umwe, nikaanza safu upya.

Lakini Kaumba alibaki nyuma kidogo. Alijifanya anatazama mchezo wa pete. Kisha akarudi, akasema bila kuniangalia, "Ile boné. Ya mutoto mudogo sana, iko?"

"Wa miezi mingapi?"

"Hana mwezi bado."

Nilimpa nyeupe yenye ukingo wa njano. Aliishika kwenye kiganja, akaingiza ngumi yake ndani kuipima, akalipa bila kubishana. Boné ile niliijua kwa mistari yake. Si mimi niliyeifuma. Sikumwambia ni kazi ya nani. Nilitamani tu kichwa cha mtoto yule kipate joto.

*Kurudi.* Mama Chilombo alinipeleka stesheni na asali kwenye chupa, mananasi, na neno la kwamba nirudi kabla mvua hazijaanza, maana Batriko watakuwa wengi. Nilimshukuru, nikaona shukrani zangu ni ndogo, nikashukuru tena. Akaniambia niache, naanza kufanana na padri.

Nilimwambia habari ya kitabu, ya leni ya njano na ile ahadi. Alifikiri.

"Kitabu haiko bukari," alisema. "Wewe ukikula, haiishi. Soma. Siku atarudia, utasoma naye tena. Utajifanya hujui mwisho."

Njiani, baada ya Mutshatsha, nilikifungua. Niliiacha leni mahali pake na nikaenda mbele. Msichana wa kitabu bado alikuwa anangoja meli.

*Kolwezi.* Mama alinihesabu vidole, baba akala nanasi zima akiwa amesimama. Niliwasimulia yote. Baba aliposikia juu ya tshitema aliweka kisu chini. "Ningekufundisha kitema," alisema. "Nilinyamaza mingi." Tangu siku hiyo jioni ananifundisha maneno ya kwao, mawili, matatu, na mi nayapokea kwa furaha. Lakini si ya kufumia.

Habari za Mamu sijazipata bado. Nawauliza watu wa reli. Niliyojifunza ni machache, na mengi nimepewa na watu: Tata Chumvi aliyeshika uzi, mama watatu kwenye benchi, hata mama yangu aliyejua mdomo wangu. Kazi ya mkono wangu ni zawadi ya mtu, na siwezi kuitumia huku nikimficha aliyenipa.

Kesho ya siku niliyorudi wote walikwenda kanisani, mi nikabaki na miguu iliyovimba. Nyumba ya Mamu ilikuwa bado tupu, dirisha limepigwa mbao. Nilibeba kigoda mpaka kwenye ule ukuta, nikaegemeza mgongo, nikaanza triko mpya kwa leni mpya. Nilihesabu kwa sauti yangu yote, neno kwa neno, mpaka tshitema. Nikanyamaza kidogo, kama yeye.

Halafu nikasema dikumi.